Kwa Nini Sikumsubiri Dume Mkubwa

Grand Prairie, Texas
19 Mei 2019

Kwako dada yangu Dorothea,

Salamu nyingi zikufikie hapo Bukoba wewe, shemeji na watoto, na za pekee zimfikie Mama. Natumaini goti lake limetulia, ingawa nina hakika bado anaikataa ile fimbo mliyomnunulia. Sisi huku tu wazima. Joto limeanza mapema na mimi ninaendelea na kazi yangu ya kliniki ya figo. Binti yetu Prudensia amemaliza mitihani yake na anakusalimu sana. Amezileta salamu hizo kwa Kiingereza, kama kawaida yake, nami nimezitafsiri.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya gari, vioo vimefungwa. Umeniambia maneno yamefika nyumbani kwamba shemeji yako Edson ana mwanamke huku, Mkenya, na kwamba huenda naye porini kwa kisingizio cha kuwinda. Najua yametoka kwa binamu yetu Joyceline wa Mesquite, aliyeiona ile picha ya Edson na Loice wameshika bata mzinga mmoja, kila mtu na bawa lake. Umenisihi nisikae kimya. Sikukujibu kwa simu, dada, kwa sababu katika nyumba hii mtu akiongea sebuleni anasikika mpaka bafuni, na habari yenyewe ni ndefu. Nakuandikia tangu mwanzo ili unielewe.

Huyo Loice, kabla ya kuwa mtu wa Edson porini, alikuwa mtu wangu. Ni muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa Kakamega, na tulianza kazi siku moja. Wewe hujui ilivyo kuishi siku nzima katika lugha ya wengine, ukifika nyumbani mtoto wako naye anakujibu kwa lugha hiyohiyo. Loice ndiye niliyekuwa nikiongea naye Kiswahili. Tulicheka kwa sababu yeye alisema hivi na mimi nasema vile, tukala chakula cha mchana pamoja, na jioni kila mtu akiwa kwenye foleni ya magari alinipigia simu tukaendelea tulipoachia. Ni mbishi kupita kiasi. Hata daktari mkuu hashindi ubishi naye. Mimi mwenyewe sijawahi kumshinda, hata katika kuchagua mahali pa kula.

Edson alianza kuwinda majira ya kuchipua ya mwaka 2017. Mwenzake wa ofisini kule Richardson ana shamba la mifugo la familia huko Palo Pinto, magharibi ya Fort Worth, nalo lina bata mzinga wa porini. Akamkaribisha, na Edson akarudi kama mtu aliyeokoka. Siku moja Loice yuko mezani kwetu akamsikia akisimulia, akasema na yeye anataka kwenda. Akanigeukia mimi kwanza, hilo nalikumbuka vizuri. Akasema, "Flaviana, twende wote." Nikamwambia sikuvuka bahari kuja kukaa kwenye nyasi zenye kupe. Aliniomba tena mwaka uliofuata, nikasema nafanya kazi Jumamosi. Basi wakaenda wao.

Hapo ndipo mabishano yalipoanzia. Dume wa mwaka mmoja wawindaji wa hapa humwita jeki. Ndevu zake za kifuani ni fupi kama kidole, akitanua mkia manyoya ya katikati yanazidi yale ya pembeni, na sauti yake inakatikakatika kama ya kijana anayebalehe. Sheria inaruhusu kumpiga. Lakini Edson alishikilia kwamba mwindaji mwenye heshima humwacha apite. Mwache mwaka mmoja tu, alisema, naye atarudi dume kamili. Tukiwamaliza wakiwa wachanga, majira yajayo tutamkuta nani? Loice akamjibu kwamba dume mkubwa ndiye anayepanda majike sasa hivi, kwa hiyo kwa nini umuue baba na kuwaachia kazi wavulana wasioijua? Tena nyama ya jeki ni laini, na mbweha hawatamngoja akomae ili kumfurahisha Edson. Edson akasema kufikia mwishoni mwa Aprili majike wengi wameshaatamia, kwa hiyo mkubwa ameshamaliza kazi yake. Loice akauliza nani alimpa ratiba ya majike.

Waliweza kubishana hivyo mpaka chakula kipoe. Nami nilikuwa nimesimama kwenye sinki, mgongo nimewapa, nikisugua sufuria iliyokwisha kutakata. Dada, wivu ni kitu kibaya. Simu za jioni zilipungua, na zilipokuja ziliuliza, "Edson ameshafika?" Kazini Loice alinisimulia habari za nyayo na milio, nami sikuelewa kitu, akaona sielewi, akaacha. Akamtumia Edson sauti za ndege, Edson akazisikiliza kitandani huku akitabasamu. Nikaanza kuhesabu ni nani amemchekesha nani. Nikichelewa kurudi nikawakuta wamekwisha kuanza ubishi bila mimi, nilitamani kuipindua meza.

Mwaka huu nikasema nami nakwenda. Edson alifurahi mno. Nikasoma kozi ya usalama kwenye mtandao, nikakata leseni, akanifundisha bunduki ya marisau kwenye uwanja wa shabaha mpaka bega likawa bluu. Loice akanikumbatia kazini akasema hatimaye. Mimi moyoni sikuwa nakwenda kuwinda ndege.

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya Aprili, mimi na Edson katika gari letu, Loice katika lake. Asubuhi hiyo niliposhuka garini niliwakuta wawili hao tayari wamesimama kando ya geti la shamba wakizungumza kwa sauti ya chini, na waliponiona wakanyamaza. Tukaingia katika kibanda cha turubai kilichotazama uwazi kando ya kijito, sote watatu bega kwa bega, mimi katikati. Mbele yetu waliweka sanamu ya jike. Edson alikuwa amesema risasi ya kwanza ni yangu kwa kuwa ni mgeni. Loice akatoa kisanduku chake cha mbao cha kuitia ndege, akakisugua kifuniko, na ikatoka sauti ya jike kabisa, ya kubembeleza. Upande wa pili wa kijito dume akajibu kwa mngurumo mzito uliotikisa kifua changu. Nilimtazama Edson. Macho yake yalikuwa kwa Loice, yamejaa shukrani.

Wa kwanza kutokea hakuwa huyo mwenye sauti. Walikuja jeki wawili, wanakimbilia sanamu, wanasukumana. Nikainua bunduki. Nilijua Edson atasema nisubiri, na nilijua Loice atasema piga. Nilimngojea aseme. Nilitaka awe upande wangu, Dorothea, hata kwa jambo hilo dogo.

Loice akaninong'oneza, "Flavi, ngoja. Yule mkubwa yuko nyuma yao. Wacha leo tumfuate Edson, mkubwa ampige yeye."

Akamtazama Edson kupitia juu yangu, naye akaitikia kwa kichwa, kama watu waliokwisha kupatana. Loice ambaye hajawahi kunikubalia lolote! Amekubali kushindwa, na aliyemshinda ni mume wangu. Sikufikiri zaidi. Nikampiga jeki wa mbele.

Mlio ulipoisha tukamsikia mkubwa akiruka. Edson alichokiona ni mgongo wake tu ukipita juu ya miti. Aliketi akishika magoti, akasema, "Miaka mitatu namtafuta mkubwa, Flaviana." Basi. Loice ndiye aliyenisindikiza kumwokota ndege. Bado alikuwa na joto, na rangi za kichwani zilikuwa zinafifia tukimtazama. Nilishika zile ndevu zake fupi nikajisikia vibaya kuliko nilivyotegemea. Loice alinitazama usoni, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa.

Njiani kurudi tukafika Weatherford. Hapo nikapasuka. Nilimwambia mambo yake na Loice nimeyaona na nimeyachoka. Alisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, uso umemshuka. Akaapa kwa mama yake mzazi kwamba hajamgusa Loice wala hajamtamani. Akasema ameshasikia maneno ya Joyceline, na alidhani mimi nina akili kuliko kuyaamini.

Dada, nilimwamini palepale. Nilikuwa nimemwamini siku zote. Lakini sikumwambia. Nilimwacha aamini kwamba nina shaka naye, kwa sababu hilo linaeleweka, kila mtu analijua na lina jina. Naye akafanya kila anachofanya mume mwema. Alifuta picha. Alimwandikia Loice asije tena nyumbani, kwa ajili ya amani. Na Loice, aliposoma hayo, akahamisha chakula chake cha mchana akawa anakula ndani ya gari lake.

Yule jeki nilimpika kwa ndizi. Nyama ililainika upesi, kama Loice alivyosema. Edson aliisogeza sahani pembeni, kisha baadaye nikamkuta anakula akiwa amesimama kando ya jiko. Wikiendi iliyofuata alirudi shambani peke yake. Jeki aliyebaki akaja akasimama mbele yake, Edson akamwacha aende. Mkubwa hakuonekana tena, na msimu umekwisha. Mpaka leo siwezi kukuambia nani kati ya Edson na Loice alikuwa na haki katika ubishi ule.

Wiki iliyopita Loice alinifuata chumba cha dawa akafunga mlango. Alisema anahamia Houston mwishoni mwa Juni, amepata kazi ya usimamizi wa wauguzi. Kule getini asubuhi ile ndicho alichokuwa akimweleza Edson, kwamba msimu huu ni wake wa mwisho Palo Pinto, na kwa hiyo anataka Edson ampate dume wake mkubwa, awe amelipwa fadhila ya kumfundisha yeye kuwinda. Nikamuuliza kwa nini alimwambia Edson kabla yangu. Akasema kumwambia Edson ni rahisi. "Wewe nilikuwa sijui nitakuambiaje."

Nililia pale katikati ya maboksi ya glavu, na ndipo nikamwambia kile ninachokuambia wewe sasa. Sikuwahi kuogopa kwamba Loice atanichukulia mume. Nilikuwa nikimwonea Edson kijicho kwa kunichukulia rafiki. Kila walipocheka mezani, ni yeye niliyetamani aondoke, abaki Loice. Na risasi ile nilipiga kwa sababu nisingevumilia kuwaona wakimpata yule mkubwa pamoja, wakumbuke siku hiyo maisha yao yote nami niwe niliyekuwepo tu.

Usidhani alinikumbatia. Alikasirika sana. "Umeniacha nitembee na jina baya Dallas nzima kwa sababu huwezi kusema umenimiss?" Akanikumbusha aliniomba niende, si mara moja. Akasema kama nataka urafiki huu ufike Houston nikasafishe nilichochafua, nianze na Edson, nifuate na Joyceline, na yeyote aliyefikiwa na maneno hayo. Ndiyo maana nakuandikia na wewe.

Kwa Edson nilikwenda leo baada ya misa, tukiwa mezani. Nilimweleza yote bila kuficha. Nilitegemea atashusha pumzi, ahisi mzigo umemtoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza polepole kama wiki zote hizi alizokuwa akiapa, mimi sikuwa na wivu wa kuogopa kumpoteza yeye. Nikasema sikuwa nao. Akauliza, "Hata kidogo?" Nikasema kweli, hata kidogo, nikidhani namfurahisha. Aliweka kijiko chini, akatoka nje kwenda kuosha gari aliloliosha jana.

Ninapoandika haya bado yuko nje. Jumamosi ijayo nampeleka Loice Houston kutazama nyumba ya kupanga, tutakwenda wawili; Edson nimemwambia gari ni dogo. Edson ameshaingia mara mbili na mikono yenye povu kuniuliza tutarudi saa ngapi, na kama kweli gari ni dogo kiasi hicho.

Nisalimie Mama, umwambie mahindi ya bisi aliyonitumia nimeyapata. Msalimie shemeji na watoto, na mama mdogo, na majirani wote wa upande wa kanisani. Na wale wanaokuuliza habari za nyumba yangu, waambie Edson hana Mkenya. Mkenya ni wangu.

Mdogo wako akupendaye,
Flaviana