Chupa Tatu za Kwenda Arusha

Arusha, 11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, ila miguu ilivimba kwenye basi kama ya mtu mwingine na juzi ndiyo imerudi kuwa yangu. Natumaini wewe hujambo na kifua cha Mama kimepoa. Kwa kuwa hukubali kusoma jambo la maana kwenye simu, naandika, na barua utaipata kwa kondakta pale stendi.

Baba, zile chupa ishirini na nne chini ya kitanda changu ndiyo likizo yangu yote. Mwenye nyumba wangu huku hataki nichemshe hata maharage, ndiyo maana bia yangu niliipikia huko kwenu Gungu, Kigoma. Sasa inatakiwa itulie wiki tatu ijitengenezee gesi humo chupani. Usizitikise, usizisogeze juani, usiwaonyeshe wageni. Tarehe 3 Machi chukua tatu, zifunge kwa magazeti, mpe kondakta. Mashindano ya wapika bia wa nyumbani ni tarehe 23. Mshindi anaajiriwa na kiwanda kidogo cha bia hapa mjini, kama mpishi msaidizi. Nikishinda, naacha kazi ya maabara ya maji. Nilikwambia siku naondoka, ukajifanya unatafuta miwani.

Uliniuliza kwa nini bia hii ya blondi, isiyo na sura. Mashindano yana mwongozo kwa kila aina. Blondi iwe na rangi kati ya majani makavu na dhahabu, iwe angavu mpaka uone kidole chako upande wa pili wa glasi, uchungu kidogo tu, kileo kisipungue asilimia tatu nukta nane wala kisizidi tano na nusu. Mimi nilianza na hizo namba nikarudi nyuma kutafuta mapishi. Kwa lita kumi na mbili nimetia kimea cha shayiri kilo mbili na robo, ngano robo kilo ili povu lisikimbie, na maua ya hopsi gramu kumi na tano kwa ajili ya uchungu. Hesabu inanipa nne nukta saba. Bia nyeusi inaweza kumfichia mpishi kosa lake. Hii haifichi, na ndiyo sababu nimeichagua.

Msalimie Mama.

Mwanao,
Catherine


Gungu, 18 Februari 2024

Binti yangu Catherine,

Marahaba. Sisi wazima. Kifua cha Mama yako kimepona na sauti imerudi, yote.

Nimeusoma mwongozo uliouacha, kurasa zote, kwa kalamu nyekundu. Naomba majibu. Kwanza, hawa watu nani aliwachagua? Nimefundisha historia miaka ishirini na sita. Naujua mkutano wa watu wanaokaa mbali na kugawana vitu wasivyowahi kuviona. Hawa safari hii wamegawana bia. Pili, wanakataza ukungu kwenye glasi. Pombe ya bibi yako kule Simbo ilikuwa nzito hata mrija ulisimama wenyewe, na watu walitembea kutoka Ujiji kuifuata. Tatu, na hapa kalamu ilitoboa karatasi, harufu ya ndizi kwenye blondi wameihesabu kuwa kosa. Bibi yako alisomesha watoto sita kwa kosa hilo, na mimi ni wa nne.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na miwani nimeshaipata. Mama yangu alikamua ndizi ili mimi nisikamue. Mimi nimekula chaki ili wewe uvae koti jeupe. Koti umevaa, ofisi ya maji imekupa meza yenye jina lako, halafu unataka kurudi kwenye pipa. Sikubali. Nalisema waziwazi kwa sababu unanijua, sinong'oni.

Chupa nitatuma, maana niliahidi. Ila usidhani kutuma ni kukubali.

Baba yako,
Castory


Arusha, 25 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa afya. Nimefurahi sauti ya Mama imerudi. Nilikuwa na wasiwasi umezoea ukimya.

Unauliza nani aliwachagua. Na wewe je, kila Desemba unaposahihisha mitihani, si unakaa na mwongozo wa kusahihishia? Ulitusimulia mwenyewe habari za kijana aliyeulizwa sababu tatu za vita, akaandika hadithi tamu ya babu yake aliyebeba mizigo ya Wabelgiji. Ulisema ulicheka mpaka machozi. Ukampa ngapi, Baba? Sifuri. Ukasema hakujibu swali. Basi mimi nimejibu swali. Siku watakapouliza pombe ya ndizi, nitaandika ya bibi na hakuna atakayeniweza.

Koti jeupe silidharau. Lakini kila siku napima maji ambayo watu wengine wameshaamua yaende wapi. Naandika namba, naweka sahihi, narudi nyumbani. Kwenye bia napima vilevile, kwa vifaa vilevile, ila mwisho wa kupima kuna kitu ambacho jana hakikuwepo. Nina miaka ishirini na saba. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka.

Chupa tatu, tarehe 3. Usiongeze kitu, usipunguze kitu.

Mwanao,
Catherine


Gungu, 3 Machi 2024

Catherine,

Marahaba. Hatujambo.

Kuhusu ile sifuri, sijibu.

Chupa ameondoka nazo kondakta asubuhi hii. Jirani yetu Mzee Ntahomvukiye alikuwapo wakati nazifunga, na yote wanayopaswa kufanya watu wenye adabu yamefanyika.

Baba yako,
Castory


Arusha, 8 Machi 2024

Baba,

Chupa zimefika. Zote tatu zilishafunguliwa.

Usiniambie ni kondakta. Zimepungua zote kwa kipimo kimoja, vidole viwili, kama zimepimwa kwa rula, na vizibo ni vile vya akiba nilivyoacha kwenye droo. Nimefungua moja. Gesi imekwisha, povu hakuna, na bia inanuka kama boksi lililonyeshewa. Bia ikishaingia hewa ndivyo inavyokuwa. Hata mtu asiyejua kitu angeinusa akaiweka chini.

Ulisema hukubali. Nilidhani utaishia kusema.

Catherine


Gungu, 17 Machi 2024

Mwanangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Niligeuza karatasi nikidhani umeiandika nyuma. Marahaba hata hivyo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kwanza niliandika barua nyingine, ya kurasa saba. Mama yako aliisoma, akawashia nayo mkaa, akaniambia nieleze kilichotokea tu.

Kilichotokea ni hiki. Umekulia kwenye soda na bia za dukani, pengine hili hatukukufundisha. Sisi Waha, na Warundi vilevile, mtu hampi mgeni pombe kabla ya kuionja. Tunaita kusogongera. Mwenye pombe anakunywa kwanza, mgeni anaona, ndipo mgeni anapokea. Ukimpa mtu pombe ambayo wewe hujaigusa, umemwambia kwamba humo ndani kuna kitu. Nilipokuwa nazifunga kwa magazeti, Ntahomvukiye alikuwa kwenye kiti cha sebuleni anakunywa chai. Akaniuliza, "Mwalimu, hao watu wa Arusha nani atawaonjea?"

Catherine, nimebishana na maofisa elimu watatu, paroko, na mwenyekiti wa mtaa mbele ya mtaa wake. Kwa Ntahomvukiye nilikwenda kutafuta kifungulio cha chupa. Nikafungua moja, nikanywa, yeye akashuhudia. Nikafungua ya pili, kwa sababu sikuona namna ya kuapia chupa kwa ushahidi wa chupa nyingine. Ya tatu vivyo hivyo. Nikazifunga kwa mashine yako ya vizibo, nikazipangusa kwa leso safi. Nilijiona nimekupa heshima ambayo watoto wa Arusha hawana.

Unaandika kwamba nimeiua bia yako ili usiache kazi. Nakwambia kwa mara ya pili: sitaki uache kazi. Lakini mimi nikitaka kugombana na mtu namwandikia barua na kuweka sahihi. Siwezi kupiga magoti chini ya kitanda cha mtoto wangu kumharibia kitu gizani kisha nikamsalimia. Kama umenifikiria hivyo, kuna mahali nimekulea vibaya, na hilo linanikosesha usingizi kuliko bia.

Chupa zimebaki ishirini na moja. Nimechukua nne, vizibo vyake ni vile ulivyoweka wewe. Siwezi kuwapa watu bila kuonja, na nikizionja zinakufa. Imebaki njia moja. Napanda basi Jumatano. Nitazipakata. Tatu ni za waamuzi, ya nne nitainywa mbele yao. Mama yako anasema pipa lilikuwa moja, kwa hiyo ushahidi wa chupa moja unatosha. Hoja hiyo nimeikubali, ni ya pili tangu tufunge ndoa.

Mwongozo unasema mpishi asijulikane. Kwa hiyo usisogee karibu na meza yao. Niachie mimi.

Baba yako,
Castory


Arusha, 30 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, ile ya tarehe 8. Natumaini mgongo umepona, maana kukaa safari nzima kutoka Kigoma bila kuegemea si mchezo. Abiria wa kiti cha pembeni yako alidhani umebeba mtoto mgonjwa.

Nilipokuuliza Jumamosi ile mambo yamekwendaje, ulisema, "Zimepokelewa," ukaomba ugali. Jumapili ukapanda basi. Juzi nimekutana na Martini, yule aliyekuwa kwenye meza ya kupokelea bia, akanipa yaliyobaki bila kujua anaongea na nani.

Anasema alikuja mtu mmoja wa makamo aliyevaa suti, bila shaka mwalimu. Akaweka mezani chupa tatu zenye namba ya mshiriki, akaweka ya nne pembeni, akaomba glasi mbili. Martini akamwambia hapa ni mapokezi, hapanywewi. Yule mwalimu akatoa mwongozo mfukoni, umejaa wino mwekundu, akamwomba amwonyeshe mstari unaokataza. Martini akatafuta, na foleni ikarefuka nyuma. Mstari haukuwepo. Mwalimu akafungua, akamimina, akanywa nusu glasi amesimama wima akimtazama machoni, akasubiri kidogo, kisha akampa ya pili. Martini anasema hakuelewa kwa nini, ila aliona kukataa kungekuwa tusi kubwa, akanywa. Ndipo yule mwalimu akasema, "Sasa zipokee, nimeshakunywa na niko hai." Alipoulizwa jina alijibu kwamba mwongozo haumruhusu. Akakaa kwenye benchi la nje mpaka alipomwona mwamuzi wa kwanza akitoka kwa miguu yake mwenyewe.

Baba, nilikukosea. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Matokeo yametoka Alhamisi. Blondi zilikuwa kumi na saba. Yangu imepata alama thelathini na tisa kati ya hamsini na imekuwa ya kwanza. Fomu ya waamuzi nimeiweka humu. Kiwanda wananitaka kuanzia mwezi Mei.

Sijaandika barua ya kuacha kazi. Karatasi iko mezani tangu Alhamisi. Najua kisheria sihitaji ruhusa ya mtu. Nasubiri barua yako.

Pasaka njema kwako na kwa Mama.

Mwanao,
Catherine


Gungu, 7 Aprili 2024

Binti yangu,

Marahaba, zote mbili. Hatujambo. Mama yako ameisoma fomu kwa sauti mbele ya wanajumuiya, pamoja na mahali palipoandikwa tarehe.

Nianze na malalamiko. Alama kumi na moja ziko wapi? Nimelinganisha fomu yao na mwongozo wao, kipengele kwa kipengele. Kwenye rangi wamekupunguzia alama moja wakati wameandika kwa mkono wao kwamba ni ya dhahabu. Mwongozo unasema dhahabu. Kwenye uchungu wanasema "ungeongezwa kidogo", ilhali mwongozo unataka uchungu usiopiga kelele. Mtu akisahihisha hovyo namna hii kwenye mitihani anarudishwa kwao. Nimewaandikia kurasa nne kudai waheshimu mwongozo. Mama yako amecheka akaenda jikoni, bado sijajua sababu.

Kuhusu karatasi iliyo mezani kwako. Nilikaa kwenye lile benchi kwa muda wa saa tano. Mwamuzi mmoja alitoka kupunga upepo na glasi mkononi, akainyanyua juani, akaiangalia muda mrefu, akainywa yote. Sikujua ni yako au ya mwingine. Lakini nilijua kwamba mimi hakuna aliyewahi kuiangalia kazi yangu namna ile, na miaka ishirini na sita ni mingi.

Barua ya kuacha kazi nimekuandikia mimi, imo humu, kurasa tatu na nusu. Nimegusia historia ya ajira serikalini, hali ya maabara, na tabia ya wakubwa kutojibu barua. Wewe weka sahihi tu.

Baba yako,
Castory


Arusha, 15 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumaini nanyi ni wazima.

Nimeipeleka leo. Nisamehe, kurasa tatu na nusu nimezikata. Ungenifukuzisha kazi ambayo nilikuwa naiacha. Nimeandika mstari mmoja wa kwangu, kwamba naacha kazi kuanzia tarehe 30, na chini yake nimeiweka sentensi yako ya mwisho kama ulivyoiandika: "Baba yangu ana habari na hana pingamizi."

Mkuu wangu ameisoma mara mbili. Akasema, "Catherine, wewe ni mtu mzima, hiki cha baba si lazima kwenye barua ya ofisi, kifute." Nikamwambia hakifutwi. Akagonga muhuri.

Mwanao,
Catherine