Jina Alilolitaja Mama

Uingereza, 8 Februari 1959

Dada yangu mpendwa Akurut,

Pokea salamu kutoka nchi ambayo jua lake ni la kuangalia tu, halipashi mtu joto. Mimi mzima, isipokuwa mafua. Na nyinyi hapo Kwapa, mnaendeleaje? Mama, Erisa na mkewe Apio, na wewe na kifua chako?

Uliniuliza hesabu zangu ni hesabu gani hizo zisizokwisha. Basi nikwambie. Hapa chuoni kuna mashine inayojaza chumba kikubwa kuliko nyumba ya kaka Erisa, taa na nyaya tupu. Wanaiita kompyuta. Unaipa maneno kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, inayasoma, inayashika, kisha inakujibu kwa kupiga chapa. Juzi mwalimu wangu, mzee mmoja mpole asiyejua kufunga vifungo vya koti lake, alisema kwamba siku moja mtu na mawazo yake yote ataweza kuhamishiwa ndani ya mashine kama hii, akaendelea kuwamo hata mwili ukizikwa. Sisi wanafunzi tulicheka. Yeye hakucheka.

Msomee Mama hapo, ajue mwanawe anakaa na watu gani. Mwambie mchuzi wake wa karanga nauota.

Mdogo wako,
Ikwap


Kwapa, 15 Machi 1959

Mdogo wangu Ikwap,

Salamu zako tumezipata, na nadhani mafua yako pia, maana Erisa anapiga chafya tangu bahasha ifunguliwe. Mimi sijambo. Erisa bado anakwenda na baiskeli kiwandani Tororo na kurudi mweupe kwa saruji. Apio ni mjamzito, tunashukuru Mungu. Mama mwili wake ni mzima. Nasema mwili.

Sikutaka kukuandikia haya, nikijua uko peke yako huko. Alianza kutia chumvi mara mbili, tukamcheka. Kisha akawa ananiita Akwi, yule dada yake aliyefariki, nami nikawa naitika tu. Sasa wiki iliyopita alikwenda kuuza simsim sokoni Busia, njia aliyoikanyaga kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na hakurudi. Kesho yake Nasirumbi, yule Msamia anayeuza karibu naye, akamleta kwa kumshika mkono. "Mama hii nakaa tu pale chini, soko nafungwa yeye nakaa," akaniambia. "Namuuliza nyumbani wapi, nasema hajui. Basi nalala kwangu." Mama alisimama hapo uani akinitabasamia kwa adabu, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Nilimsomea barua yako. Akauliza Ikwap ni nani. Nikasema ni mwanao. Akasema, "Kumbe."

Sasa nakuuliza, wala sicheki. Hilo neno la mwalimu wako ni kweli? Mama anatoka kidogo kidogo, na sijui anakwenda wapi. Kama pana mahali pa kumweka kabla hajaisha, mweke. Kama hapana, njoo akuone angali anaweza kuuliza wewe ni nani.

Dada yako,
Akurut


Uingereza, 5 Aprili 1959

Dada Akurut,

Nakusalimu wewe na wote, na Apio umpe pole ya uzito wake. Afya yangu nzuri. Moyo ndio si mzuri tangu barua yako ifike. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi, watu wakinipita.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema kumhamisha mtu bado haiwezekani, lakini mwanzo wake unawezekana, nao ni maneno. Tukikusanya yale ambayo Mama angesema katika jambo hili na lile, mashine itayashika na kuyarudisha kama yeye. Ameniruhusu niitumie wakati wenzangu hawaihitaji.

Kuja siwezi sasa, dada. Nimepewa masomo haya kwa masharti, nikiondoka kabla ya mtihani ndiyo basi. Lakini hili naliweza. Kaa naye, umuulize: mtoto akianguka unamwambia nini? Mgeni akija jioni? Ulipokuwa umemkasirikia marehemu Baba, ulifanyaje? Uliza lolote, uandike Kiteso kama anavyotamka. Mashine haichagui lugha.

Fanya haraka, nakuomba.

Mdogo wako,
Ikwap


Kwapa, 21 Juni 1959

Kwako ndugu yangu mhamisha watu,

Huku tu wazima, mvua imekuja vizuri na wimbi limesimama shambani. Apio anakula udongo wa kichuguu na kumgombeza Erisa, kwa hiyo mimba inakwenda sawa. Wewe mafua yalikwisha?

Kazi yako nimeifanya. Huwa namuuliza Mama anapopeta simsim, maana mikono yake ikiwa na shughuli kichwa nacho hutulia. Mikono haijasahau kitu. Mtoto akianguka? "Namwambia, simama, ardhi haijakuita." Mgeni wa jioni? "Simuulizi kama amekula. Namuuliza amekula wapi, hapo hawezi kunidanganya." Nikauliza alipomkasirikia Baba alifanyaje. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Nilimpikia vizuri kuliko siku zote. Akaogopa kula."

Nilifurahi nikamuuliza tena kesho yake, nipate na maneno mengine. Akanitazama. "Baba yupi?"

Nimeyaandika yote mawili. Wewe uliyesoma utachagua ni lipi la Mama.

Na kila ninapomuuliza, yeye kwanza ananiuliza mimi. Kwa nini unataka kujua? Nani amekutuma? Umekula? Hayo sikuyaandika, nilidhani hayana kazi.

Karatasi za Kiteso zimo humu ndani. Nimechoka, Ikwap. Kuongea na mtu huku unamkusanya si sawa na kuongea naye.

Dada yako,
Akurut


Uingereza, 9 Agosti 1959

Dada Akurut, mkono wangu mrefu,

Hamjambo nyote? Mimi leo sijambo kweli kweli. Keti nikusimulie.

Nilitoboa utepe kwa majuma kadhaa, nikailisha mashine. Kisha nikaandika, kwa Kiteso chetu, "Nimeanguka." Taa zikacheza, chapa ikagonga, karatasi ikatoka: Simama, ardhi haijakuita.

Nililia mbele ya Wazungu. Bibi mmoja anayetunza tepe akaniletea chai bila kuuliza. Nikaandika kuhusu mgeni, akanijibu la mgeni. Nikaandika kuhusu Baba, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikaandika, "Nina baridi." Ikatoka mistari ya nukta tu, maana hatukuwahi kumuuliza Mama habari ya baridi. Kwa hiyo niletee zaidi. Muulize baridi, muulize njaa, muulize upweke.

Lile jibu la "Baba yupi" sikulitia. Nimetia yale mazuri.

Nilimuuliza mwalimu, siku yakiwamo maneno yote ya Mama, nitajuaje kama na yeye mwenyewe yumo? Akanijibu, "Na mimi unajuaje kama nimo?" Tangu hapo nalifikiria hilo hata nikipiga mswaki.

Mdogo wako mwenye furaha,
Ikwap


Kwapa, 18 Oktoba 1959

Ndugu yangu Ikwap,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi tupo. Mwalimu wako ana bahati, hajawahi kumlisha mtu uji akamwona yumo asubuhi na hayumo mchana. Angekuwa na jibu lingine.

Apio amejifungua msichana, mzima, mwenye sauti. Basi ikaja siku ya kumpa jina. Umekaa mbali, lakini hujasahau: nyanya wa upande wa baba anachovya kidole katika ajon, pombe yetu ya wimbi, anakitia mdomoni mwa mtoto na kutaja majina ya marehemu wetu, moja baada ya jingine. Jina litakalotajwa mtoto akanyonya ndilo lake, na aliyekuwa nalo amerudi. Katekista hapendi, ingawa jina lake mwenyewe lilipatikana hivyo hivyo.

Nilimwambia Erisa kazi hii tumpe shangazi. Akasema mikono ya Mama haijasahau. Na kweli, alichovya bila kumwaga hata tone. Akamtaja Akwi, mtoto amelala. Akamtaja Ariokot, mama yake yeye, mtoto akageuza uso. Kisha akasema, "Alungat." Jina lake mwenyewe. Mtoto akafungua mdomo, akanyonya kile kidole mpaka Mama akacheka.

Wanawake walishaanza vigelegele kabla hawajaelewa. Vikakatika. Nani anamtaja aliye hai katikati ya wafu? Mama hakujua kuwa jina ni lake, au alijua. Sijui lipi ni baya zaidi.

Tangu siku hiyo watu wanakuja kumsalimu mtoto. "Alungat, habari ya Busia? Simsim limenunuliwa?" Mama hawamsalimu. Si kwa ubaya, hawajui wamwiteje. Mimi nikimwita, "Alungat, chakula," hageuki. Juzi alinionyesha mtoto kwa kidole. "Alungat ni yule. Mlisheni." Siku nyingine anakataa uji mpaka mtoto anyonyeshwe kwanza, na akishanyonyeshwa Mama anasema ameshiba.

Usihangaike tena na tepe, ndugu yangu. Mama ameshahamishwa, na waliomhamisha hawakuhitaji taa. Lakini huyu aliyebaki kwenye mkeka, anayekonda, ni nani? Njoo unisaidie kumjua. Nimeshindwa peke yangu.

Dada yako,
Akurut


Uingereza, 8 Novemba 1959

Dada yangu,

Salamu zangu ni fupi, unisamehe. Mrudishieni jina lake.

Chovyeni upya. Tajeni majina mengine, tajeni hata ya watu wa kwa kina Apio, mpaka mtoto anyonye jingine. Ni pombe tu ile, na ni mtoto mwenye kiu. Kisha nakumbuka kwamba anayesema hivyo ni mimi, ninayetoboa matundu kwenye karatasi nikimtafuta mama yangu.

Nilikwenda ofisini kuomba ruhusa. Wakasema Juni, baada ya mtihani. Nikarudi tena. Wakanionyesha mlango kwa adabu nyingi sana. Nauli yenyewe sina. Sina ninachoweza, Akurut. Naamka naenda darasani, najibu maswali, napata sawa, na sielewi napataje.

Mashine siipendi tena. Uliandika kwamba Mama huuliza kwanza. Hii haiulizi. Jumamosi nilikaa mbele yake mchana kutwa, sikuandika neno, nikangoja iniulize mimi ni nani. Ikawaka taa zake tu.

Hata hivyo nakutumia karatasi iliyopigwa chapa, maneno ya Mama kama yalivyotoka. Msomee taratibu. Labda akijisikia atajitambua, ashike hapo hapo, asiachie mpaka Juni. Sina kingine cha kumtumia.

Mdogo wako,
Ikwap


Kwapa, 17 Januari 1960

Mdogo wangu Ikwap,

Mwaka mpya umetukuta wazima, na wewe uwe hivyo. Kiangazi kimeanza, vumbi la barabara ya Tororo linaingia mpaka kwenye maziwa. Mtoto ameota jino.

Tulijaribu kama ulivyosema. Shangazi alichovya, akataja kila aliyezikwa ukoo huu, na wengine nadhani aliwabuni. Mtoto alifumba midomo, akatema, akalia. Shangazi akaosha mkono wake. "Aliyenyonya amenyonya," akasema, akaenda zake. Erisa siku hizi akirudi kazini anambeba binti yake akimwita Mama, na anapita kando ya mkeka bila kutazama. Nilimgombeza. Akalia, mwanamume mzima, saruji ikamshuka mashavuni.

Karatasi yako niliisoma alasiri, Mama akipeta simsim. Nilisoma kama yeye, kwa sauti yake ya zamani. Mikono ikasimama. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi. Pale pa Baba kuogopa kula akacheka, cheko lile lile. Ikwap, nilijua amerudi. Nikamshika mkono, nikamwita Mama.

Akaniuliza, "Huyu mama ni wa wapi?"

Nikasema yuko mbali.

"Anaongea vizuri. Anakaa na nani?"

Nikasema anakaa peke yake.

Akaanza kupeta tena, pole pole. "Ana mtoto?"

Nikasema anaye, wa kiume, amesoma sana.

"Basi mwambie huyo mtoto aende akamwone."

Nilimjibu kwamba nitamwambia. Basi nimekuambia.

Dada yako,
Akurut