Jiwe Langu kwa Askofu Gaspari

Durban, 9 Septemba 2012

Dada Akai,

Leo natimiza miaka saba tangu niondoke Turkana. Mimi mzima. Hapa Mobeni tunapakia magunia ya unga kiwandani. Mgongo unauma, lakini kazi ipo.

Ujumbe wako kwamba Askofu Gaspari amefariki ulinikuta kazini. Ruphin, Mkongo ninayefanya naye kazi, aliniona nikifuta macho, nikamweleza.

"Eish, ndugu, unalilia mzungu?"

"Namlilia baba," nikamwambia. Akalichukua gunia langu, akalibeba yeye.

Unajua Askofu alinisomesha ufundi wa pampu ili nirudi nitengeneze visima vyetu. Kila Krismasi alinipigia simu: "Ekidor, unakuja lini?" Nami nilijibu, "Mwakani, Baba." Sasa unaniambia alianguka na kufa akifungua pampu mwenyewe, mzee wa miaka sabini na nane. Hilo sijui nitalitubu kwa nani.

Waombe mapadri wasilisakafie kaburi kwanza. Kwetu mzee hufunikwa kwa mawe, na jiwe langu bado sijaliweka. Kiwanda kinafunga kwa likizo tarehe kumi na tano Desemba. Tarehe ishirini nitakuwa hapo, na spana zangu.

Ndugu yako,
Ekidor