Waya wa Kumwona Mjomba Ciza

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimepiga tena simu kampuni ya intaneti. Dada wa huko ana sauti tamu kweli, anasema ombi letu linashughulikiwa. Linashughulikiwa tangu kabla ya masika! Waya umeshafika zahanati, naukodolea macho kila nikipita. Fundi Idefonsi naye: "Nipo njiani, dada Anjelika." Njia gani hiyo isiyofika?

Mama mkwe hachoki kuuliza. Kaka yake, mjomba Ciza, alipelekwa Kanada enzi za makambi ya wakimbizi. Yeye alishaolewa hapa Kirushya, akabaki. Tangu hapo ni sauti tu. Bando la simu likijitahidi sana, sura ya mjomba inatokea kama ukuta uliomwagiwa uji. "Ndiye huyu?" anauliza Mama.

Alhamisi, 12 Juni

IDEFONSI AMEKUJA! Na ngazi ndefu kuliko pikipiki yake. Amepima, akakunja uso. Nguzo moja lazima isimame kwa jirani yetu Luhende, karibu na zizi.

Luhende kakataa. Ng'ombe watajikuna, nguzo itaanguka, lawama kwake. Akauliza kama waya unapiga shoti. Idefonsi akasema hapana, ndani unapita mwanga tu. Ndiyo kwanza akaogopa — mwanga! ndani ya waya! Idefonsi akafunga ngazi yake, akaondoka.

Nimelia kidogo jikoni. Nimesingizia moshi.

Jumamosi, 21 Juni

Mume wangu Samweli kaenda kumbembeleza Luhende, karudi na maziwa. Kaenda tena. Maziwa tena! Ruhusa hakuna.

Leo Mama kachukua fimbo, huyoo. Na magoti yale! Nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Luhende. Una ndugu?"

"Ninao, wako Shinyanga."

"Ukiwakumbuka unafanyaje?"

"Napanda basi."

"Mimi wangu hana basi."

Luhende akaenda hadi pale karibu na zizi. Kisha akauliza shimo linatakiwa kuwa na kina gani.

Jumanne, 1 Julai

Nguzo zimesimama. Shimo kachimba Luhende mwenyewe. Ng'ombe mmoja ameshajikuna, nguzo haikutikisika, na Luhende anatamba kama kampuni ni yake.

Waya umepita juu ya migomba hadi dirishani. Kisanduku kipo ukutani. Taa nyekundu. Idefonsi kasema inatakiwa kijani, kuna kitu hawajafungua huko mjini. "Kesho, dada." Haya.

Jumapili, 6 Julai

Kijani! Kijani!

Samweli alimjulisha mjomba. Akasema atapiga saa kumi jioni, kwao asubuhi. Mama kaoga, kajipaka mafuta, kavaa kitenge kipya. Luhende kaja na kiti chake kabisa.

Simu ikaita. Sura ikatokea — safi, hadi mikunjo ya paji la uso! Mzee kavaa kofia ya sufu, anafuta miwani. "Iteka yuko wapi?"

Iteka, yaani Mama, alikuwa pembeni. Alimwona mjomba kabla yeye hajaonekana. Akasimama, akaingia chumbani, komeo — kah!

Nimebisha. "Mama, mjomba anasubiri."

"Mwambie nimeenda shamba."

"Mama, leo Jumapili!"

Kwa sauti ndogo: "Aliniacha na meno yote, Anjelika. Nywele nyeusi tii. Sasa aone nini?"

Nilidhani kanong'ona. Kumbe mtandao huu unabeba hata pumzi! Mjomba kasikia kila neno. Hakucheka. Kavua kofia yake — upara, unang'aa kama sufuria la sherehe.

"Iteka, dada yangu," akasema, "njoo nawe uone nilichobaki nacho."

Luhende kacheka hadi kiti kikalia. Samweli kamfinya.

Naandika nimekaa hapa kizingitini. Mjomba bado kainamisha kichwa mbele ya simu. Picha haijakatika hata kidogo. Huko chumbani nasikia fimbo inagonga sakafu. Inakuja. Inasimama. Komeo limesogea — nusu.