Wimbo Uliobaki na Jina Moja

Ni mwaka mmoja sasa, papa, tangu kengele ya mlango wetu wa Ganshoren, hapa Brussels, ilipolia na wewe hukuwepo kuuliza, “Ni nani tena?” Bado inalia. Watu wanasimama pale chini, wanaona jina lako, Jérôme Ngoy, ambalo maman hajataka kulibandua, wanabonyeza, kisha wanakumbuka.

Ulizaliwa Uvira, huko Kongo, katika nyumba iliyojaa santuri za cha-cha na bolero, ukaimba Kihispania kabla hujajua maana ya neno hata moja. Hapa Brussels Wakuba na Wakolombia wa bendi yako walikuita Don Jérôme, nawe ukatia katika salsa yao kitu cha kwetu: mabanga, yale majina ya watu ambayo waimbaji wetu huyarusha katikati ya wimbo. Hapakuwa na harusi Matonge, mtaa wa Wakongo, isiyokutaka. Mtu akisikia jina lake kinywani mwako alisimama wima kama aliyevishwa nishani.

Nyumbani ulikaanga ndizi ukiwa bado na koti la jukwaani. Mvua iliponyesha ulitungoja kituo cha basi na mwavuli, hata tulipokuwa chuo kikuu, ukidai kwamba ulikuwa unapita tu.

Ukaigiza pia. Kwa muda mrefu walikupa kazi ya mlinzi wa mlango. “Nimefungulia watu milango yote ya televisheni,” ulicheka, “na hakuna aliyeniambia ingia.” Hatimaye wakakupa nafasi ya bourgmestre, meya mwenye utepe wa rangi tatu kifuani, na tangu siku hiyo hukuweza kutembea barabara ya Chaussée de Wavre bila kusimamishwa.

“Papa Bourgmestre!” mwanamke mmoja alikuita njiani.

“Maman, miye si bourgmestre. Ile ilikuwa filimu.”

“Filimu? Bon, lakini ulisema muzuri. Alors, mambo ya nyumba yangu?”

Waliamini hivyo mpaka chama cha siasa nacho kikaamini. Ukagombea, ukachaguliwa diwani. Hapo ndipo majina yote uliyowahi kuyarusha yalipokuja kukutafuta. Maman Rolande, ambaye kuta za chumba alichopangishwa na manispaa zilikuwa zimeota ukungu mweusi, alikaa sebuleni kwetu na mkoba mapajani, akasema, “Uliniita mu wimbo, papa. Leo ni miye nakuita.” Uliona ana haki.

Basi nyumba yetu ikawa ndogo. Sebuleni palikuwa na wageni, jikoni palikuwa na wageni, simu iliita hata ibadani. Ulijifungia bafuni na gitaa, ukiacha maji yakimwagika ili usisikike. “Claudine,” ulimwambia maman, “filimu imekwisha, lakini hawaniachi nivue utepe.” Humo bafuni ukamtungia bolero. Uliapa kuwa haitakuwa na mabanga ya mtu yeyote, ila jina lake tu, mara moja, pale muziki unaponyamaza.

Patient, mpiga besi wako, na wenzake walirekodi ala. Ilibaki sauti yako. Siku ya kuiweka ikaangukia siku ambayo baraza lingejadili nyumba za akina maman Rolande. Tulikuona ukivaa koti la jukwaani. Ukalivua. Ukavaa la baraza.

“Nenda,” maman alikuambia, “lakini urudi na sauti yangu.”

Ulizungumza mpaka wakakubali kukarabati kuta zile. Ulirudi umekauka koo, ukanong’ona, “Wiki ijayo, Claudine.” Wiki ijayo ilipofika, moyo wako ulisimama.

Tumekaa mwaka mzima na wimbo ule, wala hatukujua tuupeleke wapi. Mwezi uliopita wenzako wa chama na wa Matonge walikuja wakisema tonton Noé, mdogo wako, auimbe kwenye kumbukumbu, na kila mmoja alitaka jina lake liingie humo. Walikuwa na upendo, papa, tunajua. Lakini tulihisi mlango wa bafuni ukibishwa tena. Maman, ambaye hajawahi kumpandishia mgeni sauti, alisimama.

“Majina yenu aliyabeba mpaka mwisho. Hili moja muniachie.”

Kisha maman Rolande akafunga mkoba wake. “Ana haki. Siku hiyo miye nitasimama mulangoni. Mwenye kuleta jina lake, aliache inje.”

Kwa hiyo Jumamosi, baada ya misa, katika ukumbi wa parokia pale Matonge, wimbo utapigwa kama ulivyouacha, bila mwimbaji. Tunawaomba wote watakaokuja wasirushe jina lolote. Muziki utakaponyamaza, maman atasema jina moja. Ulikuwa umepanga liwe lake. Atasema Jérôme.

Nasi tunaamini, papa, kwamba utalisikia ukiwa huru, mlango wako ukilindwa na mtu uliyempigania.

Wanaokukumbuka: mke wako Claudine, wanao Josias na Jémima, wajukuu wako Naïma na Rayan, mdogo wako Noé, na Patient, aliyekuwa ndugu bila kuzaliwa nawe.

Daima tutakukumbuka, papa, kila wimbo utakapofika pale unaponyamaza. Kengele ikilia, pumzika. Tutafungua sisi.