Dada Fundi, Msomaji Aliyekuja na Kigodoro Chake

Mwaka umetimia, Dada Fundi, tangu utoke kwenye chumba chako cha kushonea ukiwa umebebwa na watu wanne, jeneza likigonga fremu ya mlango. Wewe uliyekuwa hutaki hata kushikwa mkono ukiinuka sakafuni! Kaka yako Mguu-Njia, asiyekaa mahali, alishika upande wa kichwa, akiwaza kwamba ungekuwa na kauli ungewaambia wakushushe, utatembea mwenyewe.

Tunakumbuka chaki sikioni, na sare za shule ulizoziachia pindo refu ili mtoto akirefuka mama yake asihangaike. Ulikuwa na ulimi, lakini kinyongo hukuwa nacho.

Mjomba alishauri tuandike tu kwamba uliugua. Tumekataa. Ulikuwa na kifafa, na hukukificha. Waliokificha ni wengine, waliosogeza viti vyao na kukutengea kikombe.

Siku ulipoanguka ukisoma Maandiko mbele ya kanisa, mzee wa zamu alilifuta jina lako kwenye orodha ya wasomaji. Alikuambia kwa upole upumzike, maana povu si kitu cha kumwagikia neno la Mungu.

Ukamjibu watu wakisikia: "Mzee wangu, haya yaliandikiwa walioanguka. Wewe ambaye hujawahi kuanguka, unayasoma ya nini?"

Jumapili iliyofuata ulikuja na kigodoro ulichoshona kwa mabaki ya vitambaa vya sare, ukakitandika kando ya meza ya kusomea. Ukasema ukianguka wakupishe tu, mtu mmoja aweke kidole penye neno ulilofikia, ukiamka utaendelea. Habari yenyewe ilikuwa ya yule mama aliyepinda mgongo miaka kumi na minane. Ukaanguka katikati. Hakuna aliyesogea. Kaka yako, aliyekuwa amepita kusalimia tu, aliacha begi mlangoni akaenda kuweka kidole.

Ulipoamka ulifuta mdomo kwa leso, ukamwambia, "Toa hilo dole lako, limefunika mstari." Ukasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyekufuta tena.

Asubuhi ile ya mwisho ulianguka ukijisomea kando ya cherehani. Binti yako aliweka kidole kama ulivyomfundisha. Daktari alikuja akaondoka, kidole kikabaki palepale hadi jioni. Kaburini alianzia neno lilelile, akamaliza sura.

Mzee wa zamu amepumzika kazi, magoti yanamsumbua. Cherehani anayo binti yako. Begi la kaka yako liko uvunguni tangu Jumapili ile ya kigodoro, hajasafiri tena. Kigodoro kiko chini ya meza ya kusomea. Binti wa muuza mkaa, mwenye kifafa kama wewe, amepewa zamu. Ameanguka mara mbili. Mara zote mbili amemaliza.

Unakumbukwa na binti yako, kaka yako, mjomba, shangazi, wakwe zako na wasomaji wenzako. Miaka yote tuliyobakiza tutakutaja, na ugonjwa wako tutautaja kwa jina lake.