Kioo Kisichojua Sabato

Gesima,
Nyamira.
14 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Alfayo,

Salamu kutoka nyumbani. Habari za Changamwe na joto lenu? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi tunachuma chai kwenye mvua, na Mama anapumua vizuri tangu abadilishiwe dawa. Aliye kitandani ni ndugu yetu Job, na sababu ni wewe.

"Ichomoeni Ijumaa jua likizama. Ikishapumzika Sabato nzima, Jumapili fungueni bila wasiwasi, haina stima hata kidogo." Hayo ni maneno yako, kwa sauti yako, kwenye kundi la familia. Si kweli, Alfayo. Sabato ni ya watu na ng'ombe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kioo nacho hupumzika.

Unajua ugonjwa wa ile mashine kuukuu ya gemu uliyomtumia, yenye kioo kinene kama cha televisheni za zamani: picha inavimba, nyuma kunalia kama mahindi yanayopasuka kikaangoni, halafu giza huku muziki ukiendelea. Job alibadilisha fyuzi, akakaza nyaya, wapi! Ijumaa akaiwasha kidogo, akaichomoa, tukaingia Sabato. Jumapili akafungua mgongo wake, akapenyeza vidole chini ya kile kifuniko cha mpira kilichobanwa kwenye kioo.

Sijui niandikeje nilichoona. Mkono ulirudi kama umepigwa teke na punda, kiwiko kikagonga mwimo wa mlango, kikavunjika. Akaanguka, akazimia. Mimi nimesimama tu na kikombe cha chai. Alipofumbua macho aliuliza kwa ukali, "Nani ameiwasha?"

Orpah mkewe akainua plagi. "Nimeishika mimi, Baba Sharon. Iko hapa mkononi."

Hadi leo nikifumba macho naiona plagi ile.

Jana alikuja Odero, fundi wa televisheni wa Kisii mjini. Alifunga waya kwenye fremu ya chuma, ncha ya pili kwenye bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, mkono wake mmoja akauweka nyuma ya mgongo wake, akasukuma bisibisi chini ya mpira. Ikalia ta! Hata baada ya kumpiga Job, chaji ilikuwa bado imo. Akangoja, akarudia, ikalia tena kinyonge. Kioo chenyewe ndicho tangi, ndugu yangu. Kuzima pampu hakumwagi maji. Ubovu aliuona baadaye: transfoma inayopandisha umeme wa kioo ina ufa, na cheche zilikuwa zikirukia chuma.

Sasa kuna Ochoki wa Kiogoro. Mashine yako ya pili, uliyompa yeye, imeshikwa na ugonjwa uleule, naye anaingoja Sabato hii ipite aifungue, kama ulivyofundisha. Nimempigia. Amecheka, akasema mimi hubishana hata na redio. Atamsikiliza mwenye mashine tu, yaani wewe. Nawe simu zangu unazikata. Ndiyo maana jirani yetu Syprose, anayesafiri kesho kuja huko, anakuletea karatasi hii.

Mama, Orpah na Jacinta wangu wanakusalimu. Mungu ailinde nyumba yako, na mikono ya wote walio ndani yake.

Usinijibu mimi. Sitaki hoja wala pole. Mpigie Ochoki kabla Syprose hajamaliza chai utakayompa, umwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea, na asiiguse mashine hiyo mpaka Odero afike.

Wako akupendaye, hata nikiwaka,
Nyakundi